Jibu la Rudayna

Kwa miaka ishirini na miwili Rudayna alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari yetu ya wasichana hapa mjini Salt, karibu na Amman. Mimi nilifundisha hesabu chumba cha pili yake, na sikuchoka kumtania kwamba analipwa kwa kunywa chai na kufuta watu machozi. Hakukasirika. Mlangoni pake alikuwa amebandika karatasi, kaiandika kwa mkono wake: "Humu ndani hatudanganyani." Wasichana walimwendea, huyu hapati usingizi, yule chakula hakipiti, na wengi walitoka wakiwa afadhali.

Wijdan alikuwa mmoja wao. Mama yake alikuwa amelazwa Amman kwa ugonjwa wa figo, na mwaka ule ndio binti alikuwa anafanya Tawjihi, mtihani wa mwisho unaofanya nyumba nzima inyate: televisheni inazimwa, wageni wanakatazwa, harusi zinaahirishwa. Kila Jumapili, siku ya kwanza ya juma letu la shule, aliingia kwa Rudayna, akalia, akanawa uso, akaja darasani kwangu na kuwashinda wenzake wote.

Mama akafariki siku mbili baada ya karatasi ya kwanza ya mtihani. Zilibaki wiki tatu za mtihani.

Huku kwetu mtoto wa Tawjihi haambiwi msiba, na kila mtu anaona hiyo ndiyo huruma. Wakamzika mama wa watu, matanga wakayafanyia mji mwingine, Madaba, kwa mjomba ili binti asione viti vimepangwa nje. Akaambiwa mama kahamishiwa kwa wagonjwa mahututi, haruhusiwi mtu kumwona. Mama yake mdogo, Faryal, alikuwa akivua nguo nyeusi ndani ya gari kabla ya kuingia nyumbani.

Faryal alikuja shuleni kwa Rudayna, macho yamevimba.

"Mwalimu, nakuomba kwa jina la Mungu. Akikuuliza, mwambie mama yake mzima."

"Siwezi, dada yangu. Humu ndani mimi sisemi uongo."

"Na mtoto akifeli je? Marehemu alikuwa anamhesabia siku za mtihani huu!"

Mimi nilikuwepo, na mdomo wangu haujui kutulia. "Rudayna, acha ukaidi," nikamwambia. "Unataka kumharibia mtoto maisha kwa sababu ya kijikaratasi cha mlangoni? Wiki tatu tu hizo!"

Akamsindikiza Faryal hadi langoni.

Asubuhi ya mtihani wa fizikia Wijdan aliingia kwa Rudayna, nami nimo. Hakukaa.

"Mwalimu, nyumbani wote siku hizi wananichekea mno. Niambie wewe. Mama yuko hai?"

Rudayna alinitazama. Nami nikamkazia macho.

"Yuko hai, mwanangu. Nenda kafanye mtihani."

Msichana akashusha pumzi, akamkumbatia, akaenda zake. Rudayna akakaa kitini na kulia kwa kwikwi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpigapiga begani nikamwambia amefanya jambo la maana.

Binti aliambiwa jioni ya mtihani wa mwisho. Matokeo yalipotoka alikuwa na tisini na sita kwa mia. Magari yakapiga honi mji mzima, fataki zikarushwa vilimani, lakini nyumbani kwao hakuna aliyeagiza kunafa, kitamutamu cha sherehe.

Alipokuja kuchukua cheti chake alipita kwa Rudayna. Alisimama nje ya mlango, hakuvuka kizingiti.

"Baba nilijua ananidanganya. Mama mdogo nilijua. Ndiyo maana nilikuja kwako. Ukaniambia yuko hai, nikaenda nikalala. Mpaka mtihani unaisha nimelala vizuri, mwalimu, na mama yuko kaburini, sijamsomea hata Fatiha moja."

"Nisamehe, Wijdan."

"Si nimefaulu? Si ndicho mlichokuwa mnataka?"

Akaondoka. Hakuja tena kututembelea, wala hakumpigia simu Rudayna.

Siku ile ile Rudayna aliibandua karatasi, akanipa nikaitupe. Alifanya kazi miaka mingine minne. Wasichana waliingia na kutoka, yeye akawasikiliza, lakini mtu akimwomba amwambie kweli alijibu, "Sijui, mama." Kisha akaomba kustaafu kabla ya wakati wake.

Karatasi sikuitupa, ninayo. Kila Ijumaa huenda kwake tukanywa kahawa, tukasema habari za wajukuu. Hajanilaumu hata siku moja, na mimi mpaka leo sijamwambia kwamba siku ile nilikosea.