Tantine Aimée, wa kwanza Bunia

Jumapili iliyopita, kwenye mashindano ya breki-dansi hapa Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, mwenye mikro alimwita mbele mwanaume mmoja mwenye mvi na kusema ndiye aliyeleta dansi hiyo Bunia. Watu walipiga makofi. Mimi moyo uliniwaka.

Nilikuwa mtoto mdogo mchana ule tantine yangu Aimée, dada ya baba, alipotandaza kartoni uani, kando ya mihogo iliyoanikwa. Redio ilikuwa ikikoroma. Alivaa suruali ya kaka yake, akasimama kwa kichwa na kuzunguka mpaka vumbi likatujaa puani. Mwanaume huyo, wakati ule kijana wa jirani, alibaki mdomo wazi.

"Yaya Aimée, unifundishe na miye," aliomba, akimwita kama dada yake mkubwa. Akamfundisha.

Ndipo babu akatoka, akaichana kartoni.

"Mutoto mwanamuke anatupa miguu juu mbele ya wanaume?"

Nilidhani amekasirikia vumbi kuingia mihogoni, nikakimbia kuifunika kwa kitenge. Sasa najua. Muda si mrefu walimwoza mbali, mjini Mambasa, na kijana akaendelea kucheza barabarani.

Jumapili hiyo ya mashindano nilisimama, nikamgeukia yule mwenye mvi.

"Useme nani alikufundisha."

Alitazama chini. "Ile ni mambo ya zamani, mama."

"Aimée iko muzima. Taja jina yake."

Mwenye mikro akaongeza muziki. Nikalitaja mwenyewe, nikapaza sauti juu ya ngoma zao, mpaka vijana wakaacha kucheza wakanigeukia.