Udongo wa Kaka Kwenye Pembetatu

Nilipoambiwa kwamba udongo unachorwa, nilicheka. Mimi, mtoto wa mgombani, niliyekula udongo kabla sijala kiburu cha ndizi na maharage, leo nikafundishwe udongo kwa rula? Lakini kazi ni kazi. Miaka ile ya sabini, msichana kupata nafasi kwenye maabara ya udongo pale Moshi mjini halikuwa jambo la kuchezea. Nikavaa koti jeupe, nikafunga mdomo. Nilifunga kidogo tu.

Mkuu wangu, mzee mpole kutoka Singida, ndiye aliyenionyesha. Udongo unakaushwa, unapondwa, unatiwa maji kwenye chupa ndefu ya kioo, unatikiswa, kisha unaachwa. Mchanga unatangulia kuzama. Tope laini linafuata. Udongo wa mfinyanzi wenyewe hauna haraka, utalala na kuamka bado unaelea. Ukishajua kila kimoja ni kiasi gani, unachukua karatasi iliyochorwa pembetatu. Kona moja ni mchanga mtupu, ya pili tope tupu, ya tatu mfinyanzi mtupu. Kitu kikizidi kwenye udongo wako, nukta inasogea kwenye kona yake. Mistari mitatu, mmoja wa kila kiasi, inakutana mahali pamoja, hapo ndipo unapoweka nukta.

Kwa mazoezi nikaleta udongo wa kwetu, kule mlimani juu ya Himo. Niliuchota kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, chini ya masale, ile mimea tunayoipanda mipakani na makaburini, pale alipolala baba. Nukta yake ikaangukia karibu na katikati ya pembetatu. Nikakaa nikiitazama. Udongo alioulima babu, uliokula samadi ya ng'ombe wetu wote, uliomfunika baba, umekaa pale kwenye karatasi, mdogo kuliko punje ya ulezi, na mahali pake panajulikana. Tangu siku ile sikuicheka tena ile karatasi.

Sasa nije kwa kaka yangu. Kwetu Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba chake, na wa mwisho hubaki na cha baba. Wa katikati huambiwa Mungu yupo. Kaka ndiye alikuwa wa katikati. Alikuwa na mke na watoto, wakilala kwenye kibanda cha kuazima uani kwa kaka mkubwa, na hata kuku wakila mahindi ya watu ilikuwa lazima aombe radhi. Kilipotangazwa kijiji kipya cha ujamaa kule tambarare, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Kulikuwa na bonde ambalo wangechimba bwawa la kukinga maji. Wakubwa wakasema udongo upimwe kwanza. Ukishika maji, watu watachimba na kukaa. Usiposhika, bonde linaachwa na kila mtu arudi alikotoka.

Udongo wa kingo za bonde ulikuja mjini na mwenyekiti wa kijiji, kwa lori. Ule wa katikati, ambapo maji yangekaa, alipewa kaka aulete. Naye, kama kawaida yake, hakuweza kupita Himo bila kupanda kumwamkia mama. Akalala huko, asubuhi akaniletea mfuko. Alikuwa amenyoa ndevu kama anakwenda kuposa.

Nukta za kingo zilikwenda moja kwa moja karibu na kona ya mfinyanzi. Nikashukuru. Nikapima udongo wa kaka. Nukta ikaangukia mbali na zile, ikielekea udongo mwepesi. Nikapima upya, ikarudi palepale. Mkuu akaangalia, akavua miwani.

"Kingo nzuri, katikati panavuja," alisema. "Bwawa halitashika hapa, binti yangu."

Nilimwona kaka akirudi kwenye kile kibanda, akiomba radhi kwa ajili ya kuku mpaka uzee wake. Nikachukua rula, sijui hata nilitaka kufanya nini nayo, nikailaza juu ya karatasi. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo nilikuwa nimetumia ileile ya mazoezi. Rula ikagusa nukta za kingo, ikagusa ya kaka, ikaenda kugusa ya kihamba chetu. Mstari mmoja, umenyooka.

Nikamwita mkuu. Akanieleza jambo ambalo mpaka leo linanisisimua. Ukichanganya udongo wa mahali pawili, nukta ya mchanganyiko lazima iangukie kwenye mstari unaoziunganisha nukta zile mbili. Haina pa kwenda pengine. Na ule mfuko ulikuwa umelala kwa mama.

Jumamosi nikapanda nyumbani na hasira zangu zote. Mama alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mama, ulitia nini kwenye mfuko wa kaka?"

Panga likasimama. "Nani kakwambia?"

"Karatasi."

"Karatasi ilikuwepo hapa?" Alinitazama kwa woga hasa, kama nimerudi na uchawi wa mjini. Kisha akaketi. "Ule udongo ulikuwa unakwenda kuhukumiwa, kwa watu wasioujua. Mtu haendi barazani bila ndugu wa kumsimamia. Nikaufungua, nikatia udongo wa pale kwa baba yenu, uusindikize. Kiganja kimoja tu."

Jamani! Hasira niliyopanda nayo mlima ule sikuiona ilikokwenda. Mkuu nilipomweleza alicheka mpaka akafuta macho, halafu akasema udongo uchukuliwe tena.

Safari hii niliteremka mwenyewe na kaka. Tulichimba katikati ya bonde, tukafunga mfuko, na Himo tukapita bila kupanda mlimani. Nukta ikaenda ikakaa pamoja na wenzake, kwenye mfinyanzi. Mkuu akaweka sahihi. Watu wakachimba. Masika yalipokuja, maji yakaingia bondeni, yakakaa. Nilisimama ukingoni nikiyaangalia, na haki ya Mungu nilikuwa nimeyaona maji yale kwenye karatasi kabla mvua haijanyesha. Kaka alihamisha wanawe, vyungu vyake na mbuzi wake.

Baada ya hapo nikampelekea mama ile karatasi aione. Sasa, mstari ule unasema zaidi ya nilivyoeleza. Nukta ikikaribia upande mmoja, ndipo udongo wa upande huo ulipozidi, na kwa rula unaweza kujua kiasi. Nilikuwa nimepima. Nikamwonyesha: huku kihamba, huku bonde, na nukta ya ule mfuko hapa, karibu na nusu ya njia.

"Mama," nikamtania, "kiganja chako kikubwa. Karibu nusu ya mfuko ilikuwa ya kwetu."

Hakucheka. Aliigusa ile nukta kwa kidole.

"Nilianza na kiganja kimoja kweli," alisema. "Nikawaza kaka yako anakwenda kukaa huko, nikaongeza. Nikawaza tena, nikaongeza."