Kofia ya Kauri ya Selestina

Selestina wa kijiji cha Daa alikuwa na meno ya kahawia, kama nusu ya watu wa Karatu, maana maji ya visima vyetu hayamwachii mtu meno meupe. Hakuyaonea haya. Siku moja mwaka 2003 alichelewa kupeleka chakula shambani, na mumewe, Clemensi, akamvunja jino la mbele kwa mpini wa jembe. Kwa kuchelewa tu! Mwanamke akainama, damu ikichuruzika juu ya maharage, akaokota kipande cha jino na kukifunga kwenye pindo la khanga.

Alikimbilia Karatu mjini kwa daktari Ndeshi, Mchaga mwenye zahanati ndogo ya meno, ambaye alimpa kazi ya usafi na mahali pa kulala. Akampimia kofia ya kauri ya kuvisha kile kisiki cha jino. Ya kwanza ilikuja kutoka Arusha nyeupe pepepe. Selestina alicheka mpaka ufizi ukamuuma, na kofia ikarudishwa ikatiwe kahawia.

Siku ya kuigundisha, daktari aliipaka asidi kwa ndani ili ikwaruzike, akaiosha, akaikausha. Kabla hajachanganya gundi, Selestina akaichukua, akaitia mdomoni ajitazame kwenye kioo.

"Toa! Toa hiyo!" Ndeshi alifoka. "Umeshaitia mate, dada. Gundi sasa itashika mate, haitashika kauri. Leo utacheka, kesho utaimeza na ugali."

Akaianza kazi upya, akaisafisha kauri mpaka akaridhika, na ndipo alipoigundisha.

Haikupita miezi mingi, wazee wa ukoo wakaja kumchukua, wakiongozwa na mzee Hhando, baba mkubwa wa Clemensi. Kikao kikakaa Daa. Hakuna aliyemwuliza Clemensi kitu. Hakuna aliyeutaja mpini. "Yaishe, wanangu," alisema Hhando, akajaza pombe ya mtama mdomoni na kuwapulizia wawili hao vifuani, ndiyo baraka ya kupatanisha. Selestina alijua anarudishwa kwenye kipigo. Alirudi hata hivyo.

Kipigo kilikuja siku ya mnada. Clemensi aliingia amelewa, akamburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi zizini, akampiga teke la mbavu, kisha ngumi ya mdomo, na nyingine, na nyingine. Meno mawili yaling'oka na mizizi yake. Taya likateguka. Ngumi ya mwisho ilitua juu ya kofia ya kauri, ikamchana Clemensi vidole mpaka mfupa ukaonekana, naye akaanza kupiga mayowe kama yeye ndiye aliyepigwa. Selestina akatambaa kwenye samadi hadi kwa majirani.

Kikao cha pili kikaitwa, na mtungi wa pombe ukaletwa tena. Clemensi alikaa na mkono wake uliofungwa bandeji, akionewa huruma.

Selestina alisimama mbele yao akafungua mdomo: pengo huku, pengo kule, na katikati lile jino la kauri ya kahawia limekaa imara.

"Hili, baba, limeshika kwa sababu lilisafishwa kwanza," alisema kwa shida, taya limevimba. "Mimi mlinigundisha juu ya mate."

Mzee Hhando alikuwa ameshajaza pombe mdomoni. Hakupuliza. Aliimeza, na Selestina akashika njia ya Karatu.