Kalamu za Umeme za Bu Murti

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, Murtiningsih, ambaye wafanyakazi walimwita Bu Murti, yaani Mama Murti, aliandikishwa katika ofisi ya wilaya, mjini Lasem, kuwa mmiliki wa karakana ya batiki aliyoachiwa na mama yake. Wanawake kumi na wawili walifanya kazi humo, wanne wanne kuzunguka jiko moja, kila mmoja akichota nta ya moto kwa kalamu ya shaba na kuchora kwenye kitambaa kilichoning'inizwa mbele yake, ili rangi isishike palipo na nta.

Batiki rahisi za viwandani zilikuwa zikiimaliza karakana taratibu. Murti akaenda kwenye semina ya wanawake wafanyabiashara, akarudi na kalamu za umeme. Nta huyeyukia ndani ya kalamu yenyewe. Jiko la nini tena? Kila mama achukue yake, akachoree nyumbani.

"Na huko kwangu nitamsema nani, kuku?" aliuliza Mbah Rusmi, bibi aliyewazidi wote umri.

"Utaupumzisha mdomo, Mbah."

"Mdomo huu ndio unaonyoosha mistari ya hawa, Bu."

Wenzake wakaangua kicheko. Murti naye akacheka, kisha akaamuru majiko yatolewe.

Mwanzoni vitambaa viliongezeka, hata picha ya Murti ikatundikwa kwenye ofisi ya ushirika wa wachora batiki. Halafu mteja wa jiji la Semarang, aliyekuwa akinunua zaidi ya nusu ya kazi yao, akarudisha mzigo mzima. Nta haikupenya hadi upande wa pili, na rangi nyekundu ilikuwa imevuja ndani ya michoro. Zamani, aliyeketi ng'ambo ya jiko aliuona mgongo wa kitambaa cha mwenzake, akamkaripia pale pale. Kazi hiyo haikuwa na jina wala ujira, kwa hiyo Murti hakuihesabu alipopanga mageuzi yake.

Alikwenda kwa Mbah Rusmi kumwomba awakusanye wenzake tena.

"Nimkusanye nani, Bu? Mabinti wameshaingia kiwanda cha viatu. Huko mshahara ni wa kila mwezi. Tumebaki vikongwe."

"Ungenieleza vizuri mapema, Mbah."

"Nilisema. Mkacheka."

Mteja wa Semarang hakuagiza tena. Karakana inafungwa mwisho wa mwezi huu. Chumba kimechukuliwa na muuza vipuri vya pikipiki, na Murti ataanza kibarua cha kutia rangi vitambaa kwa binamu yake, katika mji jirani wa Rembang.