Jini wa Bahari na Tundu la Moyo

Nilipokuwa mtoto, midomo yangu ilikuwa ya zambarau mwaka mzima, hata zambarau zenyewe zilipokwisha sokoni. Kucha vilevile. Watoto wa mtaani kwetu, Bagamoyo mjini, waliniuliza nimezila wapi na kwa nini sikuwabakishia. Nikikimbia kidogo tu pumzi zinakata, nachuchumaa magoti kifuani mpaka zirudi. Leo najua sababu: nilizaliwa na tundu kwenye ukuta wa moyo, tena njia ya damu kwenda mapafuni imebana, na mwili wa mtoto hujigundulia wenyewe namna ya kukaa ili nafuu ipatikane. Nyumbani kwetu sababu ilikuwa nyingine. Nilipendwa na jini wa baharini.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuwa na habari kamili. Mama alipokuwa na mimba yangu alikwenda pwani wakati wa magharibi, saa ambayo mjamzito hatakiwi kusogelea maji, na jini akamwona. Basi. Nilivishwa hirizi. Nilinyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa marashi. Na nilipigwa marufuku kutia mguu baharini, maana "mwenyewe", kama Bibi alivyomwita, angenichukua. Nimewasikia wasomi wenzangu wakizisimulia imani hizi kwa sauti laini, kana kwamba ni ushairi. Kwa mtoto si ushairi. Ni kukaa kwenye mkeka ukiwasikiliza wenzako wakicheza.

Mama akanipeleka Dar, Bibi akanuna, nikapasuliwa. Nilirudi na kovu refu katikati ya kifua, na midomo yenye rangi ya midomo. Maneno ya daktari kwa mama nayakumbuka kwa sababu yalinipendeza: "Mwacheni acheze."

Hakuna aliyeniacha. Sasa nilikuwa mtoto aliyependwa na jini na juu yake ameshonwa. Mama, aliyethubutu kunipeleka kwenye kisu, hakuthubutu kunituma dukani. Nikipiga chafya, nyumba nzima inasimama. Nilikuwa nimepona, na bado nilikuwa palepale mkekani.

Wazee wetu walikuwa wanaishika desturi ya kuoga mwaka, siku mwaka mpya wa Waswahili unapoingia. Asubuhi ya siku hiyo wanawake na watoto huteremka pwani, wakazama, na nuksi za mwaka uliopita zikabaki majini. Mwaka ule Mwanaidi, binti wa mama mkubwa, alinipitia akiwa na kanga begani.

"Huji?"

Bibi alikuwa anachambua mchele. "Huyu haendi. Anajua."

"Daktari amesema nicheze," nikasema.

"Daktari anamjua aliye majini?"

"Bibi, nikikutana naye nitamwamkia. Nitamwambia shikamoo."

Mwanaidi akacheka. Bibi hakucheka. "Na akikuitikia marahaba, utafanyaje?"

Nikafungua vifungo vya gauni, nikamwonyesha kovu. "Alikuwa anaingilia wapi, Bibi? Si kwenye tundu? Tundu limezibwa. Wametia kiraka."

"Kiraka?"

"Ndiyo. Wakakishona."

"Kwa uzi?"

"Kwa uzi."

Bibi alishona kofia maisha yake yote, na kitu kilichoshonwa vizuri alikiheshimu. Akasogeza ungo wa mchele. Tangu nirudi kutoka hospitali alikuwa akilikwepa lile kovu kwa macho; sasa aliliangalia kwa karibu, kama anayekagua kazi ya fundi mwingine, akapitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaweka kiganja, akausikiliza moyo.

"Mkono si mbaya," akasema. "Nipe baibui langu."

Pwani wanawake walitupisha. Bibi alinishika kifundo cha mkono, akaingia nami mpaka maji yakamfika magotini, kanga ameipandisha. Akamimina marashi, akatupa kipande cha halua, halafu akaisemesha bahari kama mtu anayemjibu mposaji asiyetakiwa.

"Yule uliyempenda alikuwa na tundu. Huyu ameshonwa. Hapana pa kuingilia tena. Tafuta kwingine, babu."

Akaniachia mkono. "Haya, mke mwenzangu," akasema, kwa lile jina la utani aliloniita akifurahi. "Zama."

Nikazama. Chumvi ikanijaa puani, moyo ukanidunda masikioni, nikaibuka nikikohoa na kucheka. Hakuna aliyenivuta mguu. Mwanaidi akaita mbio za kwenye mchanga. Nikakimbia, pumzi zikapanda na kushuka, na magoti hayakuniomba kuchuchumaa. Nilifika baada ya wote.

"Wa mwisho huyo," Mwanaidi akasema. "Anakimbia kama bata."

Nilingoja mtu amkemee, amwambie mwache, mgonjwa. Hakuna aliyemkemea. "Kweli," Bibi akasema, akikamua kanga yake. "Bata kabisa." Sijapata sifa iliyonikaa mwilini kama ile.

Bado nakwenda kliniki ya moyo kila mwaka. Kuna mlango mmoja moyoni unaovuja kidogo, na huenda siku moja nitafunguliwa tena. Hapo katikati nimesoma, nimeolewa, nimezaa, napanda ngazi za ofisini nikilalamika kama kila mtu. Kwenye benchi la kliniki wazazi wa watoto huniuliza kama mtoto ataishi. Nawaambia wamuulize daktari hilo. Mimi nawauliza: anacheza na nani?

Bibi hakuacha kuamini habari za jini mpaka alipofariki, nami sikujisumbua kumsomesha. Madaktari walioniziba walijua kwamba majini hakuna mtu. Yeye aliamini kabisa kwamba yupo, na anasikia, na hata hivyo akauachia mkono wangu.