Nilimwacha mzee wangu kwenye fungu la mchanga Bagamoyo

Wakuu, habari za saa hizi. Wanaostahili shikamoo, shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo tangu kiangazi kilichopita. Naliandika kama lilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Picha msiniombe, nilizifuta zote.

Mimi ni mkazi wa Ifakara, Viwanja Sitini, na mzee wangu ninaishi naye. Kabla ya daraja la mto Kilombero alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi pale Kivukoni. Pantoni ikigoma, watu walikuwa wanamfuata yeye. Mto ule anaujua kuliko anavyonijua mimi.

Ila bahari alikuwa hajawahi kuiona. Kila akisikia mtu katoka Dar, swali lake lilikuwa moja: "Ng'ambo inaonekana?"

Basi tulipomaliza kuvuna mpunga nikamwambia mke wangu, safari hii likizo tunakwenda na mzee. Bagamoyo, siku tatu. Mzee alivaa viatu vyake vya kanisani kutoka Ifakara mpaka tunafika.

Tuliingia beach asubuhi, maji yamekupwa, mchanga mtupu. Mzee akavua viatu, akavishika mkononi, akasimama anayakagua maji muda mrefu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mamba," akasema.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. (Huku kwetu huingii majini hivi hivi jamani, msimcheke mzee wangu.)

Mbele kulikuwa na fungu la mchanga limeinuka, zuri kweli. Sasa mjue, sisi kiangazi mafungu ya mtoni ndiyo kambi zetu. Wavuvi wanalala huko wiki nzima, maji yakishashuka hayapandi mpaka mvua. Kwa hiyo kichwani mwangu fungu ni sehemu salama. Tukavuka, maji ya kifundoni tu, nikamtandikia mkeka.

Mzee akachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Watu wa mtoni ndivyo wanavyofanya wakitaka kujua maji yanapanda au yanashuka. Mimi niko bize na selfie.

Baada ya muda akaniita. "Mwanangu, kijiti kimezama."

Wakuu, jiografia ya sekondari nimesoma. Kupwa na kujaa nilichora mpaka mchoro, na mwezi wake pembeni. Lakini siku ile nikamjibu, "Hayo mawimbi tu, baba. Hapa siyo Kilombero. Wewe pumzika, sisi tunafuata samaki."

Akaniangalia, akayaangalia maji, akakaa.

Tukarudi ufukweni. Foleni ya samaki ndefu, mara mafuta hayajachemka, mara soda ya baridi hakuna, tunapiga stori. Sijui ulipita muda gani. Mama muuza samaki ndiye aliyeniuliza, "Kaka, yule mzee kule ni wa nani?"

Nikageuka.

Kumbe bahari haiji kwa mbele peke yake. Ilikuwa imezunguka kwa nyuma, na kati yetu na yeye pameshakuwa na maji mengi. Mkeka umeondoka. Mzee ana goti bovu, kuogelea aliacha siku nyingi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amesimama tu, anatazama upande wetu.

Nilikimbia nikaingia, maji yakanifika kifuani nikaanza kuyanywa. Wavuvi wawili wa pale wakanipita, wakamfikia, mmoja akambeba mgongoni.

Beach nzima imesimama, simu juu, wanachukua video. Mtu aliyevusha nusu ya Ifakara, leo anavushwa yeye, miguu inaning'inia. Niliona aibu mpaka nikainama. Aibu ile ni mimi niliyemvisha.

Viatu vilikwenda na maji.

Jioni kwenye lodge nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Hakunifokea. Alisema, "Maji niliyaona. Nikasema huyu amesoma, ngoja nimsikilize." Kisha akaomba chai.

Angenitukana ningepata nafuu.

Nilidhani yameisha. Masika haya tulikuwa shambani, njia ya kwenda kijiji cha Mbingu. Nikashuka mpaka mferejini, nikaona kwa macho yangu maji ya mto yanaingia. Nikarudi mbio kibandani kumwambia baba tuhame leo leo, maana yeye goti halimruhusu kwenda kuangalia.

Mzee akatoa simu, akampigia jirani wa shamba la tatu. "Hebu kaniangalizie mfereji wangu, maji yanaingia au?"

Mimi nimesimama hapo hapo, matope mpaka magotini.

"Baba, si nimekwambia?"

"Nimesikia," akasema. Akakaa anasubiri jirani apige.

Tulihama salama, hilo namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile naelewa nilichopoteza Bagamoyo, na wala siyo viatu.

Funzo langu ni hili: mzazi akikwambia ameona kitu, nenda kaangalie kwanza. Shule yako haikimbii.

Mnaotaka kunisema, semeni, nastahili. Ila kama yupo humu ambaye mzazi wake aliacha kumwamini halafu akaja akamwamini tena, naomba aniambie ilichukua muda gani. Wangu ana miaka sabini na tisa.