Ndala Zangu Juu ya Kisima

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Masasi yakajaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tukivisikia tu, nilinunua waya, swichi na soketi, nikapanda navyo Newala kumwekea mama umeme. Fundi sikumtafuta. Niliwahi kumwangalia mmoja akifanya kazi, nikaona ni mambo ya kukaza na kulegeza skrubu tu. Taa ilipowaka sebuleni mama alipiga vigelegele, nami kichwa kikavimba.

Nyumba yetu, kama nyingine za huku juu, iliishi kwa maji ya mvua. Yalitoka kwenye bati, yakapita mfereji wa bati mpaka kwenye kisima cha saruji kando ya ukuta. Mama hakuruhusu mtu yeyote akanyage mfuniko wa kisima kile kwa viatu. Yeye mwenyewe alipanda peku, asubuhi na jioni.

Wiki chache baadaye akaniambia kwamba akigusa mfereji mkono wake unakufa ganzi. Nikapanda kwenye mfuniko kuugusa na ndala zangu za mpira miguuni, huku akinigombeza nizivue. Sikusikia ganzi yoyote.

"Ni uzee tu huo, Mama," nikamwambia.

Akapanda tena kuchota maji. Naona haya hadi leo nikikumbuka jibu langu lile.

Mvua ya kwanza ilishuka mchana. Ile harufu ya bati la moto likipigwa na maji bado naitamani. Majani ya mkorosho yaliziba mfereji, mama akaniita tuuzibue, na safari hii alinizuia njia mpaka nikavua ndala. Nikapanda peku kwenye saruji iliyolowa, nikaushika. Umeme ulinitupa chini kama gunia la korosho.

Nilipofumbua macho, mama alikuwa ameshapanda kwenye mfuniko, mkono wake ukielekea mfereji uleule.

"Mama, usiguse."

Sauti ilitoka kidogo, lakini aliisikia. Nikatambaa hadi ndani, nikazima swichi kuu.

Fundi wa kweli niliyemwita alinionyesha msumari niliougongomea bati lililolegea. Ulikuwa umetoboa waya wangu, na paa zima likashika umeme. Waya wa kuzikwa ardhini, ili umeme ukivuja uishie huko, sikuuweka, nilidhani ni wa ziada. Mimi mara ya kwanza nililindwa na mpira wa ndala. Mama hakuwa na kinga yoyote.

Jioni ile alinikanda bega kwa maji ya moto. Alikanda muda mrefu, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, umeshazeeka?"

Tulicheka wote wawili. Radhi sikumwomba, na sasa hayupo.